Kukataa Kutoa na Kukataa Kupokea

Miongoni mwa maswali ambayo wenye hekima wa kila mila wameyazunguka bila ya kuyamaliza, liko hili: mtu akishakodisha nguvu zake kwa ujira, ni kiasi gani cha nafsi yake kinachotoka pamoja na nguvu hizo, na ni kiasi gani kinachobaki kuwa milki yake mwenyewe? Swali hili huulizwa aghalabu kwa habari za mtumishi na tajiri wake, askari na jemadari wake, mwanafunzi na shehe wake. Mimi nitaliuliza kwa habari ya mcheza mpira, si kwa kutaka kuutukuza mchezo kupita cheo chake, bali kwa sababu katika mchezo huo alitokea mtu ambaye mara mbili alisema hapana mahali ambapo takriban kila mtu mwingine angalisema ndiyo. Na kukataa kwake huko, ambako kwa mtazamo wa haraka hakuna udugu baina ya kwa kwanza na kwa pili, kukitiwa katika mizani huonekana kuwa kumetoka katika shina moja.

Mtu huyo ni Fernando Redondo, aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1969 katika mji wa Adrogué, kusini ya jiji la Buenos Aires, akakuzwa kimchezo na klabu ya Argentinos Juniors, ile ile iliyomtoa Diego Maradona. Mwaka 1990 akavuka bahari kwenda Tenerife, katika visiwa vya Canary, na huko akawa nguzo ya timu ya daraja la kawaida ambayo, ikifunzwa na Muargentina mwenziwe, Jorge Valdano, iliishinda Real Madrid siku ya mwisho ya ligi mwaka 1992 na tena mwaka 1993, ikaupeleka ubingwa wa Hispania mikononi mwa Barcelona. Haikuwa ajabu basi kwamba Madrid, walipomwita Valdano awafunze wao mwaka 1994, walimchukua na Redondo. Akakaa nao miaka sita, akatwaa nao ubingwa wa Hispania mwaka 1995 na 1997, na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1998 na 2000, na msimu huo wa mwisho shirikisho la mpira la Ulaya likamtaja kuwa mchezaji bora wa mashindano yake ya klabu.

Cheo chake uwanjani kilikuwa kile ambacho Waargentina hukiita kwa namba tu, tano: kiungo asimamaye mbele ya mabeki, aupokeaye mpira mahali penye msongamano na hatari, kisha akaupeleka kwa wale ambao majina yao yatatangazwa. Ni kazi isiyo na daftari. Mshambuliaji huhesabiwa magoli yake na mlinda mlango huhesabiwa aliyoyaokoa, lakini kiungo wa namna hii, akiifanya kazi yake vyema, alama anayoiacha ni utulivu wa wenziwe. Na Redondo, katika mechi 29 alizoichezea nchi yake, alifunga goli 1 tu. Hata tendo lake linalokumbukwa kuliko yote liliandikwa kwa jina la mwingine. Tarehe 19 Aprili 2000, katika uwanja wa Old Trafford mjini Manchester, Madrid walipokuwa wakiwakabili mabingwa wa Ulaya wa wakati ule baada ya sare ya 0-0 katika mechi ya kwanza, Redondo alikuwa pembezoni kushoto, amempa mgongo beki Henning Berg na mstari uko karibu, akaupitisha mpira nyuma ya beki kwa kisigino, yeye mwenyewe akamzunguka, akauwahi kabla haujatoka, akainua kichwa na kumsogezea Raúl, ambaye hakubakiwa na kazi ila kuusukuma katika goli tupu. Madrid wakashinda 3-2, na goli lile likaandikwa la Raúl, kama ilivyokuwa haki.

Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu hulka ya kazi huingia katika hulka ya mtu. Aliyezoea kutoa pasipo kuhesabiwa hujifunza kidogo kidogo kuwa na hesabu yake ya ndani, asiyohitaji karani wala shahidi. Na hesabu hiyo ya ndani ndiyo itakayotufahamisha habari mbili zifuatazo.

Baada ya fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1994 huko Marekani, ambazo Redondo alizicheza na Argentina ikatolewa na Rumania, timu ya taifa ilikabidhiwa Daniel Passarella, aliyekuwa nahodha wa Waargentina walipolitwaa kombe hilo nyumbani kwao mwaka 1978. Passarella alikuwa mtu wa nidhamu kali, na miongoni mwa kanuni alizoziweka ilikuwa kwamba mchezaji wake asiwe na nywele ndefu. Wengine walitii: Gabriel Batistuta alipunguza zake, akaenda Ufaransa mwaka 1998 na kufunga magoli matano. Redondo, aliyekuwa na nywele za kufika mabegani, akakataa, kwa hoja fupi kwamba urefu wa nywele hauna uhusiano wowote na kucheza mpira. Mwalimu naye alikuwa na riwaya yake ya sababu za kutengana kwao. Lakini mwisho wa yote ulikuwa kwamba kiungo ambaye mwezi Mei 1998 alikuwa bingwa wa Ulaya hakuwamo katika timu ya nchi yake mwezi Juni, na Argentina ikatolewa na Uholanzi katika robo fainali mjini Marseille. Alikuwa na umri wa miaka 29, na hakucheza tena fainali za Kombe la Dunia maishani mwake.

Wako watakaocheka na kusema kwamba ulimwengu umeharibika ikiwa watu wazima wawili wanaweza kugombania nywele hata taifa likapata hasara. Lakini anayecheka hajazitazama nywele kama dini zilivyozitazama. Haji anapomaliza ibada zake hunyoa kichwa au hupunguza nywele, na kwa kitendo hicho hutoka katika ihramu. Watawa wa Kikristo wa zama za kati walinyoa utosi kuonyesha kwamba wameuaga ulimwengu. Mtawa wa Kibudha hunyoa kichwa kizima siku anapoingia katika utawa. Naye Singasinga, kinyume cha hao wote, huziacha nywele zake bila ya kuzikata maisha yake yote, kwa kumtii Mola wake vile vile. Majeshi nayo, yasiyo na ibada, humnyoa kuruta siku ya kwanza kabla hayajampa bunduki. Mambo haya yote yanashuhudia jambo moja: kukata nywele kwa amri ya mwingine ni alama ya kujisalimisha, na tangu zamani wanadamu wamelifahamu hilo hata pale ambapo hawakulisema. Swali lililokuwa baina ya Passarella na Redondo lilihusu basi ni nani mwenye haki ya kudai alama hiyo, na kwa kazi gani.

Hapa wanazuoni wa fiq'hi wanatupa msaada ambao huenda hawakuukusudia kwa wacheza mpira. Walipoieleza ijara, yaani mkataba wa kukodi, walisema kwamba kinachouzwa katika mkataba huo ni manfaa ya kitu, na dhati ya kitu hubaki kwa mwenyewe. Akodiye nyumba amenunua kukaa ndani yake kwa muda, hakuzinunua kuta. Na amkodiye mtu amenunua kazi yake kwa muda, hakuinunua shingo yake, kwani aliyeuzwa shingo si ajiri tena bali ni mtumwa. Kwa kipimo hiki amri ya mwenye kazi hufika mpaka pale inapofika kazi, na hapo husimama. Mwalimu ana haki ya kumwambia kiungo wake alale saa ngapi, ale nini, akimbie umbali gani, asimame wapi mpira unapopigwa kona, na akae nje pindi mwingine akionekana kufaa zaidi, maana yote hayo ni manfaa yaliyokodiwa. Ila akivuka akaitaka alama juu ya mwili ambayo haiongezi wala haipunguzi mchezo, amekwisha kutoka katika manfaa na kuingia katika dhati, na mwenye dhati ana haki ya kuufunga mlango.

Mtu mwenye insafu atalileta hapa pingamizi zito, nami sitalikwepa. Timu ya taifa, atasema, si ijara. Mchezaji haitwi na taifa kwa mshahara kama anavyoitwa na klabu. Huitwa kwa mapenzi, na mapenzi yana madai mapana kuliko mkataba, kwa kuwa mtoto hamwulizi mama yake kama jambo aliloagizwa limo katika sharti. Tena, ataongeza, mtu huyu alikwisha kuwa na mazoea ya kuikatalia nchi yake: kabla ya fainali za mwaka 1990 huko Italia, alipokuwa kijana wa miaka 20, alijitoa katika hesabu za mwalimu Carlos Bilardo, na sababu iliyotajwa ilikuwa masomo yake, na timu ile ikaenda mpaka fainali bila yeye. Je, huu si ukaidi uliovishwa joho la heshima? Na hasara ya ukaidi huo, je, haikuwaangukia wenziwe waliokuwa hawana shauri katika ugomvi ule, pamoja na mamilioni ya watu wa nchi ile ambao hawakumwomba ila acheze?

Nakiri kwamba sehemu ya pingamizi hili haijibiki. Hasara ya wengine ilikuwako, na hakuna maneno yanayoweza kuifuta. Lakini mapenzi, kwa kuwa yana madai mapana, yana wajibu mpana pia, na wa kwanza miongoni mwa wajibu wake ni kutomdhili mpendwa pasipo haja. Mama humtuma mwanawe mambo mengi yasiyo katika sharti, ila hamwagizi jambo kwa kusudi la kuona tu kama atainama. Na katika ugomvi wa wawili, mzigo wa hoja humwangukia zaidi yule aliyeweka sharti kuliko aliyelikataa, kwa sababu mweka sharti angeweza kuliondoa bila ya kupoteza hata mchezaji mmoja. Nyongeza ya hayo, yafaa kutazama alivyokataa: hakukusanya wenziwe wagome pamoja naye, hakumlaumu aliyekubali kunyoa, wala hakudai nafasi ya mtu. Alibaki Madrid akicheza. Na mwaka 1999, ilipokuwa timu iko mikononi mwa mwalimu mwingine, Marcelo Bielsa, alirudi kwa muda mfupi akaichezea nchi yake dhidi ya Brazili, jambo linaloonyesha kuwa aliyemkatalia mwaka 1998 hakuwa nchi.

Hata hivyo bado swali la takaburi liko palepale, nalo ndilo kiini cha mas-ala yetu. Maana nje, takaburi na izza huvaa nguo moja. Mwenye kiburi husema hapana kwa sababu anajiona yu juu ya amri, na mwenye izza husema hapana kwa sababu amri iko nje ya mpaka wake. Atazamaye kwa mbali huwaona wote wawili wamesimama wima, asijue yupi ni yupi. Aristotle wa Uyunani, alipomweleza mtu mwenye nafsi kubwa, alimweka katikati ya maovu mawili, ghururi ya anayedai asichokistahili na udhalili wa anayejinyima anachokistahili, na Imamu Ghazali aliandika katika kitabu chake cha Ihya sehemu nzima juu ya kiburi na kujiona, kwa kuwa aliyajua maradhi haya kuwa ni ya watu wema hasa. Wote wawili wanatuongoza kwenye hukumu moja: kukataa peke yake si ushahidi wa chochote. Mtoto mdogo hukataa, na punda pia hukataa. Ili tujue kama anayezuia kilicho chake anakizuia kwa uadilifu au kwa majivuno, hatuna budi kungoja siku atakapopewa kisicho chake, tuone atafanya nini.

Siku hiyo ilimfikia Redondo upesi. Mwezi Julai 2000, wiki chache baada ya kombe la pili la Ulaya, wanachama wa Real Madrid walimchagua rais mpya, Florentino Pérez, na katika mambo ya mwanzo yaliyotendeka chini yake lilikuwa kumwuza Redondo kwa Milan ya Italia. Mashabiki wengi walinung'unika, naye mwenyewe hakuwa na hamu ya kuondoka. Lakini mpira wa zama hizi una soko lake, na katika soko hilo mtu aliyekataa kuinamisha kichwa kwa ajili ya nywele alijikuta amevushwa mpaka. Akafika Milan, akalipwa kama walipwavyo wakubwa wa mchezo, akapewa nyumba na gari, na katika siku za mwanzo za mazoezi goti likamharibikia. Akapasuliwa, akapona, likarudi, akapasuliwa tena. Zaidi ya miaka miwili ikapita bila ya kuichezea klabu yake mpya mechi moja ya mashindano.

Katika hali hiyo ndipo alipotenda tendo lake la pili. Aliiomba klabu isimlipe mshahara mpaka atakapoweza kucheza tena. Na ikasimuliwa pia kwamba alitaka kuirejesha nyumba na gari. Wala hakuwa amelazimika. Mkataba ulikuwa halali, ugonjwa aliupata kazini, madaktari walikuwa wa klabu yenyewe, na tajiri wake, Silvio Berlusconi, hakuwa mtu ambaye mshahara mmoja ungemwondolea usingizi. Hapakuwa na kadhi wala hakimu duniani ambaye angemhukumu kuwa amekula mali ya mtu. Alikuwa na haki ya ujira ule kwa kila njia ambayo haki hupimwa nayo, naye akaiacha haki yake kwa hoja fupi kama ile ya kwanza, kwamba hakuwa akicheza.

Wanazuoni wameitenganisha haki na kitu kilicho juu ya haki, wakakiita wara'a, yaani kujihifadhi na jambo ambalo sheria haikulikataza ila moyo haukutulia nalo. Ghazali ameipanga wara'a katika daraja nne: ya chini kabisa ni ya yule anayejizuia na haramu iliyo wazi tu, na kwa hiyo ushahidi wake hukubalika mahakamani, juu yake yuko mwema anayejizuia na yenye shaka, juu yake mcha Mungu anayeacha hata halali kwa kuhofia itamvuta kwenye haramu, na juu ya wote mkweli anayeacha kila kisichokuwa kwa ajili ya Mola wake. Simpandishi mcheza mpira wa Adrogué, mtoto wa nchi ya Kikatoliki, katika daraja zilizoandikwa kwa ajili ya masufii. Nasema tu kwamba tendo lake halielezeki kwa lugha ya mikataba. Mkataba ulisema chukua, nayo hesabu ya ndani, ile iliyokuzwa na miaka ya kazi isiyo na daftari, ikasema kilichokodiwa ni manfaa, na manfaa hayakutolewa.

Na hapo ndipo tunapoona kwamba kukataa kwa pili kumefuata kanuni ile ile ya kukataa kwa kwanza. Mwaka 1998 alisema kwamba ujira na mwito havinunui zaidi ya kazi, na kwa hiyo hakutoa kichwa chake. Mwaka 2000 na baadaye alisema kwamba pasipokuwa na kazi hakuna kilichonunuliwa, na kwa hiyo hakupokea ujira. Mpaka ulikuwa mmoja, na alisimama juu yake akitazama pande zote mbili: upande huu akalinda kilicho chake kisitoke, na upande huu akalinda kisicho chake kisiingie. Mwenye takaburi haufahamu mpaka wa namna hiyo. Mpaka wake ni kama ukuta wa mkorofi unaohama usiku, ukasogea kila mara katika shamba la jirani na usirudi hata siku moja katika shamba lake. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba tendo la Milan lilitoa ushahidi kwa ajili ya tendo la Argentina, na kwamba tusingalikuwa na la pili, la kwanza lingalibaki daima katika shaka.

Atainuka mwenye kusema kwamba ni rahisi tajiri kukataa mshahara. Ni kweli kwamba Redondo hakulala njaa kwa tendo lile, na sadaka ya mwenye vitu vingi haina uchungu wa sadaka ya mwenye kimoja. Lakini anayesema hivi amesahau jinsi mali inavyofanya kazi ndani ya mtu, kwani kama wingi ungalizaa urahisi wa kuacha, basi matajiri wote wangalikuwa wepesi wa kuacha, nasi tumeona kwamba aghalabu mambo huwa kinyume chake: aliye na mia huitaka ya mia na moja kwa hamu kuliko alivyoitaka ya kwanza. Kuacha ni tabia, na tabia haipatikani benki.

Liko onyo ambalo lazima niliweke hapa kwa uzito wote, maana mifano mizuri huweza kuzaa dhuluma mikononi mwa wajanja. Mtu asiuchukue mfano huu akamwendea mpagazi aliyevunjika mguu bandarini au mfumaji aliyeharibikiwa macho kiwandani, akamwambia: mcheza mpira wa Milan alikataa kulipwa alipoumia, basi na wewe jiheshimu. Ujira wa mgonjwa aliyeumia kazini ni haki yake, umepiganiwa na wafanyakazi wa nchi nyingi kwa miaka mingi, na anayeuzuia ni mdhulumu. Wara'a ni zawadi ambayo mtu huitoa katika kilicho chake, na siku inapodaiwa na mwingine hugeuka kuwa unyang'anyi wenye jina la dini. Ihsani haiwezi kufanywa sheria; ikifanywa sheria huwa si ihsani tena, na sheria yenyewe huwa si uadilifu. Redondo alikuwa na haki ya kuacha, na mpagazi ana haki ya kuchukua, na haki hizo mbili hazigombani kwa kuwa kila moja iko mkononi mwa mwenyewe.

Lingine la kutafakari ni niya. Huenda katika kuukataa mshahara mlikuwa na chembe ya fakhari. Huenda hakupenda kuwa na deni kwa watu ambao hakuwachagua, maana kuna majivuno yanayojificha katika kutopokea, nayo ni magumu kuyaona kuliko yale ya kutotoa. Sina njia ya kuingia katika kifua cha mtu nikapekua, wala msomaji hana. Wahenga walikata shauri la namna hii kwa maneno matatu, muungwana ni kitendo, na nadhani walikusudia kwamba niya ni baina ya mja na Mola wake, na sisi tuliobaki tumepewa matendo tuyasome. Na tendo likimgharimu mtendaji peke yake, lisimnyang'anye mtu, wala lisitangazwe kwa tarumbeta, tumeruhusiwa kulidhania jema.

Msomaji atataka kujua alilipwa nini kwa hayo yote, kwa sababu wanadamu hatupendi hadithi ya wema isiyofungwa kwa malipo. Jibu ni kwamba hakulipwa. Goti halikupona kwa kuwa mwenye goti alikuwa mwadilifu. Alirudi uwanjani mwishoni mwa mwaka 2002, akacheza mechi 16 tu za ligi ya Italia katika miaka yake yote ya Milan, na mwaka 2004 akaacha mchezo. Ni kweli kwamba Milan walilitwaa Kombe la Mabingwa mwaka 2003 na ubingwa wa Italia mwaka 2004 naye akiwa katika kikosi. Na fainali ile ya 2003 ilichezwa Old Trafford, penye nyasi zile zile alizomwachia Berg miaka mitatu nyuma. Lakini siku ya fainali hakuwa miongoni mwa waliocheza. Anayetafuta katika mambo haya dalili ya kwamba mbingu humlipa mwema kwa vikombe atajisumbua bure, na afadhali ajisumbue akatoka mtupu kuliko kuipata faraja ya uongo. Ulimwengu huu si nyumba ya malipo, wasema watu wa dini. Nao wanafalsafa waliosema kwamba wema ni malipo ya wema wenyewe walikuwa wakisema jambo lililo karibu na hilo, kwa lugha isiyotaja akhera.

Yapo mafunzo mengine ambayo mtu angeweza kuyachuma katika maisha ya Redondo, ya ustadi, ya subira, ya kuvumilia maumivu. Ila hayo yamo katika maisha ya wacheza wengi, na hayana haja ya insha. Linalomhusu yeye hasa ni kipimo cha kukataa. Sote tunakataa mambo, kila siku, nyumbani na kazini, na sote tunakuita kukataa kwetu heshima, msimamo, au utu. Kwa hiyo kila mmoja wetu anayekusifu kukataa kwake na ajihesabie kama anavyomhesabia mwenziwe: je, mpaka ule ule nilioutumia kumzuia mtu asichukue changu, nimepata kuutumia hata mara moja kujizuia mimi nisichukue cha mtu? Akikumbuka mara moja, na ashukuru, kwa kuwa ana ushahidi. Na asipokumbuka hata moja, basi asimwite mwingine mkaidi mpaka amekwisha kujipima.